Bekingi soda: Unga wa keki wenye kazi nyingi nyumbani, na mipaka yake

PAKITI ya bekingi soda hununuliwa kwa ajili ya keki ya sikukuu, kikatumika kijiko kimoja, na kilichobaki kikasahaulika nyuma ya kopo la chumvi hadi sikukuu nyingine. Hata hivyo, unga huo mweupe una kazi nyingi mbali na upishi. Huondoa harufu ya viatu, hung'arisha bangili za fedha, husafisha chupa ya chai iliyoganda rangi na kuyeyusha uchafu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri ya gari.

Pamoja na sifa hizo za kweli, bekingi soda imevishwa sifa nyingine isizostahili. Ujumbe unaosambazwa kwa simu huisifu kuwa inang'arisha uso, inapima ujauzito, inazibua mabomba na hata kutibu saratani. Baadhi ya ushauri huo ni upotevu wa fedha tu, lakini mwingine unaweza kumfikisha mtu hospitali.

Kinachotenganisha ukweli na uvumi ni jambo moja la kikemia. Bekingi soda ni alkali hafifu. Inapokutana na tindikali, viwili hivyo hubatilishana na hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka kwa povu. Aidha, chembe zake ni laini kiasi cha kusugua uchafu bila kukichuna chombo. Karibu kila kazi ambayo unga huo huifanya vizuri inatokana na moja kati ya tabia hizo mbili. Pale ambapo tatizo halitokani na tindikali wala halihitaji kusuguliwa, aghalabu hakuna kinachofanyika zaidi ya povu.

Majina yanayochanganya

Kabla ya yote, mnunuzi anapaswa kuwa na hakika na alichonunua, kwa kuwa madukani na masokoni kuna vitu vinne vyenye rangi inayofanana na majina yanayokaribiana.

Bekingi soda yenyewe kwa lugha ya wanakemia ni sodiamu bikaboneti. Bekingi pauda ni kitu kingine: ndani yake mna bekingi soda kiasi, iliyochanganywa na tindikali kavu pamoja na wanga. Inaumua keki vizuri, lakini kwa usafi haifai kitu, kwa sababu alkali yake imekwisha kuwekewa tindikali ya kuibatilisha.

Cha tatu ni magadi, ambayo wengi huyaita magadi soda na kudhani ndiyo hiyo hiyo bekingi soda. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na huchotwa katika maziwa ya Bonde la Ufa. Ziwa Magadi la Kenya, ambako uchimbaji wa kibiashara umefanywa na kampuni tangu mwaka 1911, limebeba jina hilo, na Ziwa Natron la Tanzania ni la aina hiyo hiyo. Magadi ni alkali kali zaidi ya bekingi soda. Katika kipimo cha pH kinachoanzia 0 hadi 14, ambapo 7 ni ya kati, maji ya bekingi soda husoma takriban 8.3, ilhali maji yenye kaboneti ya sodiamu hukaribia 11. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya iliyotangulia.

Magadi ya asili yana jambo jingine. Mengi yana floridi nyingi, na tafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanzania zimeyahusisha matumizi yake katika kulainisha maharage na makande na meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Kwa hiyo, kichocheo chochote kinachotaja bekingi soda kwa ajili ya kinywa au mwili hakipaswi kufuatwa kwa kutumia magadi.

Cha nne, na cha hatari kuliko vyote, ni kostiki soda inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni. Hii huunguza ngozi, macho na koo. Hatari huongezeka inapopimwa na kuhamishiwa katika chupa tupu za maji au za vinywaji, kisha ikawekwa mahali ambapo mtoto anafika. Aliyeimeza hapaswi kutapishwa, maana itamuunguza mara ya pili inapopanda. Awahishwe hospitali pamoja na chombo alichokutwa nacho.

Jina la soda limewaponza wengi, na si ajabu. Hata soda ya kunywa ilipata jina lake kutokana na bikaboneti iliyotumika zamani kutengenezea maji yenye gesi.

Harufu: si kila moja inaisikia

Matumizi yanayojulikana zaidi duniani, yaani kuweka boksi la bekingi soda ndani ya jokofu ili kufyonza harufu, hayakuanzia maabara. Kampuni ya Church & Dwight ya Marekani, ambayo waasisi wake walianza kuuza unga huo mjini New York mwaka 1846, ndiyo iliyolieneza wazo hilo kwa matangazo mwaka 1972, wakati ambapo wanawake wengi wa nchi hiyo walikuwa wamepunguza kuoka mikate nyumbani. Lilikuwa wazo zuri la kibiashara, kwani mnunuzi aliambiwa anunue unga, auache tu ukae, kisha baada ya muda autupe na kununua mwingine.

Si kwamba halifanyi kazi kabisa. Maziwa yaliyochacha, siagi iliyooza na jasho la miguu vyote hutoa tindikali zinazonuka, na bekingi soda huzibatilisha. Tatizo la boksi ni kwamba mdomo wake ni mdogo, na hewa inayogusa unga ni kidogo. Ukitandazwa kwenye sahani pana, unga ule ule hufanya kazi bora zaidi. Katika viatu vya michezo, vijiko viwili vikimwagwa usiku na kukung'utwa asubuhi, matokeo huonekana, kwa sababu hapo unga umekutana na chanzo chenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kopo la chakula cha shule lililosahauliwa na maziwa ndani yake mwishoni mwa wiki.

Lakini zipo harufu ambazo si za tindikali, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa bila kujua sababu. Shombo ya samaki hutokana na kemikali zenye asili ya alkali. Kuipaka alkali nyingine ni kazi bure, na ndiyo maana wapishi wa Pwani tangu zamani huosha samaki na mikono yao kwa ndimu. Godoro lililokojolewa na mtoto nalo lina nyakati mbili. Mkojo mbichi aghalabu huwa na tindikali kidogo, hivyo unga uliomwagwa mapema, baada ya kukamua maji kwa kitambaa, husaidia. Ukikaa hadi ukatoa ile harufu kali inayochoma pua, hiyo ni amonia, ambayo ni alkali. Dawa yake ni siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha jua.

Sufuria, vikombe na fedha

Kwa kusugua, bekingi soda ina faida moja kubwa: ni laini kuliko mchanga, majivu au waya wa kusugulia. Ulaini huo ndio ulioifanya itumike katika ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York, uliokamilika mwaka 1986. Mafundi walihitaji kuondoa lami iliyopakwa ndani ya sanamu hiyo bila kuikwaruza shaba yake nyembamba, na unga wa jikoni ukapulizwa kwa mashine hadi lami ikabanduka.

Nyumbani, uji mzito wa unga huo na maji kidogo huondoa rangi ya chai kwenye vikombe vya udongo, alama za vidole ukutani na mafuta mepesi kwenye jiko la gesi. Kwa chupa ya chai, kijiko kimoja cha chakula humwagiwa maji ya moto na kuachwa kwa saa kadhaa, kisha husuuzwa. Kizibo kisikazwe wakati huo, maana joto hutoa gesi, na gesi isiyo na pa kutokea husukuma kizibo.

Kwa sufuria iliyounguza wali, ushauri wa kawaida ni kuchemsha bekingi soda na maji humo. Kwa sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ushauri huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba sufuria nyingi za Afrika Mashariki ni za alumini, na alumini haipatani na alkali. Zaidi ya hayo, bekingi soda inapochemka hugeuka kidogo kidogo kuwa kaboneti, yaani huelekea kwenye ukali wa magadi, hula utando unaoikinga alumini na kuiacha sufuria na weusi. Sufuria hizo zinaweza kusuguliwa kwa haraka na kusuuzwa, lakini kulowekwa usiku kucha ni kuziharibu.

Tabia hiyo hiyo ya alumini hugeuka kuwa faida kwenye vito vya fedha. Mikufu, bangili na vikuku vya fedha, vinavyothaminiwa sana katika nyumba za Zanzibar, Mombasa na Oman, hupata weusi kutokana na salfa iliyomo hewani. Bakuli likitandikwa karatasi ya alumini ya jikoni, kito kikalazwa juu yake kikiigusa, kisha kikamwagiwa maji ya moto sana yenye vijiko viwili vya bekingi soda, salfa huiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Fedha yenyewe haipungui, tofauti na inavyosuguliwa kwa dawa za kung'arishia. Njia hii haifai kwa vito vilivyopachikwa lulu au mawe, wala kwa kazi za kale ambazo sonara aliacha weusi makusudi ndani ya nakshi ili maua yake yaonekane.

Kuhusu mabomba ya sinki, kumwaga bekingi soda kisha siki ni tamasha zaidi kuliko usafi. Vitu hivyo viwili vikikutana hubatilishana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu ambayo hayayeyushi nywele wala mafuta yaliyoganda. Maji ya moto yenye sabuni, au kulifungua bomba na kutoa uchafu kwa mkono, hufaa zaidi. Kisicho cha kuchezewa kabisa ni kuchanganya siki na dawa ya madoa yenye klorini, maana hutoa gesi yenye sumu.

Bekingi soda pia si kiua vijidudu cha kutegemewa. Msimu wa mvua unapokuja na tishio la kipindupindu, vyoo na nyuso za meza zinahitaji klorini. Sehemu iliyong'aa kwa bekingi soda inaweza kuonekana safi ikiwa bado na vimelea.

Betri ya gari na moto wa jikoni

Kazi ambayo pengine ndiyo bora kuliko zote, na ambayo haitajwi sana, iko chini ya boneti. Betri za kawaida za magari na za umeme wa jua hutumia tindikali ya salfa, na mvuke wake hutengeneza uchafu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Uchafu huo huzuia umeme kupita, gari likakataa kuwaka asubuhi, na mwenye gari akaambiwa betri imekufa.

Kabla ya kununua nyingine, inafaa kujaribu hivi: zima injini, vaa glavu, na fungua waya wa hasi kwanza. Hakikisha vifuniko vya betri vimekaza, kwani maji ya soda yakiingia ndani yataiharibu tindikali yake. Kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kikorogwe katika kikombe cha maji, kisha kipakwe kwa mswaki wa zamani. Povu litaonekana mara moja, na likikoma ni dalili kuwa tindikali imekwisha. Suuza kwa maji safi, kausha, rudisha waya wa chanya kwanza, na paka grisi. Unga huo huo hufaa kumwagwa sakafuni tindikali ya betri inapomwagika. Ila ikimrukia mtu mwilini au machoni, tiba ya kwanza ni maji mengi kwa muda mrefu, si unga.

Moto mdogo wa mafuta kwenye kikaango nao unaweza kuzimwa kwa bekingi soda, kwa kuwa joto huifanya itoe kaboni dayoksaidi. Vizimamoto vya unga vya aina ya BC mara nyingi hutumia kemikali hiyo hiyo. Hata hivyo, hatua ya kwanza ni kuzima gesi na kufunika kikaango kwa mfuniko. Unga wa ngano na bekingi pauda visitumike hata kidogo, kwani vina wanga unaoweza kuwaka, na maji juu ya mafuta ya moto huurusha moto hadi kwenye dari.

Mwilini, tahadhari zaidi

Kwa meno, sifa ya bekingi soda ni ya kweli kwa kiasi. Huondoa rangi ya chai na sigara juu ya jino, na ni laini kuliko viungo vya kusugulia vilivyomo katika dawa nyingi za meno. Lakini haina floridi inayokinga meno yasitoboke, hivyo haichukui nafasi ya dawa ya kawaida. Kinachodhuru ni desturi ya kuikorogea limau, ambayo ina tindikali inayomomonyoa enameli, na enameli haioti tena. Matumizi bora zaidi ni ya kusukutua: kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maji baada ya kutapika, jambo ambalo wajawazito wengi hukutana nalo. Tindikali ya tumbo hubatilishwa kabla ya mswaki kuisugulia kwenye meno.

Kwa makwapa, unga huu hupunguza harufu, ila ngozi ya binadamu kwa asili ina tindikali kidogo, yenye pH ya takriban 5, na wengi wanaoupaka kila siku hupata vipele na wekundu. Kwa sababu hiyo hiyo haufai usoni. Mchanganyiko wa bekingi soda na limau unaosifiwa kuondoa chunusi na kung'arisha rangi huivua ngozi kinga yake, na limau likipigwa na jua linaweza kuacha malengelenge na madoa meusi kuliko yale yaliyokusudiwa kuondolewa. Nywele zikioshwa nao mara kwa mara hukauka na kukatika.

Wanawake wanaoshauriwa kujisafisha nao sehemu za siri wanapaswa kukataa. Tindikali ya asili ya sehemu hizo ndiyo inayozuia maambukizi, na kuibatilisha ni kuyafungulia mlango. Harufu isiyo ya kawaida ni ya kupelekwa kliniki.

Kipimo cha ujauzito cha kumwaga mkojo juu ya bekingi soda na kutazama povu nacho hakina msingi. Povu huonyesha tu kuwa mkojo una tindikali, na mkojo wa mwanamume unaweza kutoa povu vile vile.

Kiungulia ni suala jingine. Bekingi soda hubatilisha tindikali ya tumbo kweli, na nafuu huja upesi. Lakini kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima kutoka vyakula vyote. Kwa mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au figo, na kwa mjamzito, hicho si kijiko cha kunywewa bila daktari, na watoto wadogo wasipewe kabisa. Kunywa baada ya kushiba sana kuna hatari ya pekee, kwani gesi hujaa tumboni kwa ghafla, na matukio machache ya tumbo kupasuka yameandikwa katika majarida ya tiba. Kiungulia kinachorudi kila wiki kinahitaji uchunguzi.

Kuhusu saratani, hakuna ushahidi kwamba kuinywa kunaitibu. Mapafu na figo huilinda pH ya damu isitoke kati ya 7.35 na 7.45, na kijiko cha unga hakiwezi kuibadili kwa muda bila kumuumiza mnywaji. Hospitalini bikaboneti hutumika kwa wagonjwa mahututi na katika usafishaji damu wa wenye maradhi ya figo, kwa vipimo na chini ya uangalizi. Wagonjwa wa saratani nao huelekezwa kusukutua kwa maji yake vidonda vya kinywa vinapotokana na matibabu. Huenda hapo ndipo uvumi ulipopata mbegu.

Matunda, na pakiti iliyobaki

Matumizi yenye ushahidi wa karibuni zaidi ni ya kuosha matunda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa maji yenye asilimia moja ya bekingi soda yaliondoa mabaki ya viuatilifu viwili juu ya maganda ya tufaha baada ya dakika 12 hadi 15, vizuri kuliko maji matupu. Kipimo hicho ni sawa na vijiko viwili vya chai katika lita moja ya maji. Sehemu ya sumu iliyokwisha kupenya ndani ya ganda haikutoka. Utafiti ulihusu tufaha na viuatilifu hivyo viwili tu, hivyo matokeo yake hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye nyanya au mchicha wa sokoni.

Unga hutunzwa katika chombo kikavu chenye mfuniko. Kujua kama bado una nguvu, kijiko kidogo hudondoshewa siki au ndimu. Ukitoa povu la haraka unafaa, ukizubaa umekwisha. Uliokaa katika jokofu au viatu utumike kusugulia sinki na usirudishwe kwenye keki.